Ibada ya Kumbukumbu Chuoni Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwanafunzi akifariki, maswali haya huja yote kwa mkupuo, wakati ambapo hakuna mwenye utulivu wa kuyajibu. Tumeyaandika kwa ajili ya viongozi wa vikundi vya Kikristo katika vyuo vya hapa Bagamoyo (TMCS, USCF, TAFES, CASFETA, TUCASA), kwa Washauri wa Wanafunzi, na kwa yeyote aliyefiwa na mwenzake na hajui aanzie wapi. Hakuna jibu hapa litakaloondoa uchungu. Yapo yatakayozuia uchungu usiongezwe na mipango mibaya.

Mwenzetu amesafirishwa na kuzikwa kwao. Ibada ya chuoni ni ya nini tena?

Ni kwa sababu waliobaki hawakuzika.

Kwa desturi zetu mwili unarudi nyumbani: Bukoba, Mbinga, Same, Tukuyu. Chuo kinatoa kosta, na wanaopanda ni wachache: kiongozi wa serikali ya wanafunzi, mhadhiri mmoja, wanadarasa wawili watatu, na wanakwaya nafasi ikiwepo. Wengine wote wanabaki Bagamoyo, na Jumatatu vipindi vinaendelea. Hawakuaga mwili, hawakutupa udongo, hawakukaa matangani wakimsikia shangazi yake akisimulia alivyokuwa mtukutu utotoni. Kwao kifo kimekuwa taarifa iliyopita kwenye kundi la WhatsApp na kitanda ambacho hakuna anayelala. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kumaliza muhula mzima akisubiri mwenzake atokee kwenye korido. Ibada inampa mahali pa kusema mbele ya Mungu na mbele ya watu kwamba fulani amekufa, na kwamba alimpenda.

Kwa hiyo msiipange kama marudio ya mazishi. Ibada hii ina wafiwa wake, na wengi wao familia haiwajui: wenzake wa chumba, kikundi chake cha kujisomea, mchumba ambaye hakuwahi kutambulishwa nyumbani, mama lishe aliyekuwa akimkopesha hadi hela iingie, mlinzi wa getini aliyemzoea kwa jina. Watafuteni hao kabla hamjatafuta kipaza sauti. Wakalishwe mbele, mahali ambapo kwenye mazishi wangekaa ndugu.

Ifanyike lini?

Ndani ya wiki moja au mbili, wawakilishi wakisharudi kutoka mazishini. Waliobaki wana kiu ya kusikia ilikuwaje: kaburi liko wapi, mama yake anaendeleaje, nani alilia. Kusimuliwa huko ni sehemu ya kuomboleza.

Siku nzuri ni ya katikati ya wiki, kama saa kumi na nusu hivi. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Kuanzia jua kuzama Ijumaa hadi jua kuzama Jumamosi Wasabato wako kwenye Sabato, na shughuli za kupanga viti na kufunga vyombo zitawapa tabu. Jumapili kila mmoja yuko kanisani kwake. Anzeni baada ya swala ya alasiri, mmalize kabla ya adhana ya magharibi.

Msiba ukiangukia wiki ya mitihani, fanyeni sala fupi asubuhi kabla ya karatasi ya kwanza, isizidi robo saa, na ibada kamili ingoje mitihani iishe. Mshauri wa Wanafunzi aombwe mapema awatetee wanaohitaji kuahirisha mtihani. Mwenzake wa chumba asilazimishwe kwenda kuomba mwenyewe akiwa na macho mekundu.

Majira ya kanisa nayo yana masharti yake. Kwa Wakatoliki, Misa ya kumwombea marehemu haiadhimishwi Jumatano ya Majivu wala ndani ya Juma Kuu, isipokuwa Misa ya mazishi yenyewe, nayo haifanyiki kuanzia Alhamisi Kuu hadi Pasaka. Lakini kifo hakingoji kalenda. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, waliuawa tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu yenyewe. Ikiwakuta hali kama hiyo, fanyeni ibada ya Neno na sala, na Misa ifuate baada ya Pasaka.

Tuna madhehebu matano chuoni. Nani aongoze?

Aanze kuulizwa marehemu, yaani kanisa lake. Alikuwa Mkatoliki? Padre aongoze Misa, na wengine waje kama wageni wanaopendwa. Alikuwa Mlutheri, Mwanglikana, Mmoraviani au Mpentekoste? Mchungaji wake aongoze kwa utaratibu wa kanisa lake, na vikundi vingine vipewe somo, wimbo au sala. Jambo hili huamuliwa kwa dakika kumi likiwekwa mezani siku ya kwanza. Likiachwa hadi programu imechapwa, linageuka ugomvi, na ugomvi wa nani ashike kipaza sauti juu ya mtu aliyekufa ni aibu isiyosahaulika upesi.

Kama waliofariki ni zaidi ya mmoja na wa madhehebu tofauti, au chuo kinataka ibada moja ya Wakristo wote, tunashauri kwa nguvu iwe ibada ya Neno, bila meza ya Bwana. Si makanisa yetu yote yanayoshiriki ekaristi pamoja. Siku ambayo watu wamekuja kushikana haifai kuwaonyesha nani anaruhusiwa kusogea na nani abaki kwenye benchi.

Pagumu zaidi ni sala yenyewe. Mkatoliki humwombea marehemu, na Waanglikana wengi wa pwani hii, waliolelewa katika mapokeo ya wamisionari wa UMCA (misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza), humwombea pia. Mpentekoste atakuambia hukumu ya marehemu haiguswi tena na sala zetu. Msabato anaamini marehemu amelala usingizi, hajui neno lolote, hadi ufufuo. Hamtayamaliza hayo kwenye kikao cha maandalizi, na hamna haja. Yapo maneno ambayo wote watayaitikia Amina kwa dhamiri safi: kumshukuru Mungu kwa maisha yake, kuwaombea wafiwa, kumkabidhi katika huruma ya Mungu aliyemuumba. Mwandikieni kila mwombaji sehemu yake. Wakatoliki wataweka nia ya Misa parokiani siku nyingine, na hakuna atakayekuwa amenyimwa kitu.

Padre ana udhuru na mchungaji yuko safarini. Mwanafunzi anaweza kuongoza?

Ibada ya Neno, ndiyo. Mji huu una ushahidi wake. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo, hapakuwa na kasisi. Wenzake waliuzika moyo wake palepale chini ya mti, na kijana Jacob Wainwright, aliyesomeshwa shule ya misheni, ndiye aliyesoma ibada ya mazishi. Kisha Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili kwa miguu hadi hapa Bagamoyo. Ulifika Februari 1874 ukalazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyokuwa na miaka sita tu tangu ianzishwe. Mnara ulipolazwa bado upo. Mazishi makubwa yalifanyika London tarehe 18 Aprili mwaka huohuo, katika Westminster Abbey, na wakubwa hawakukosekana. Lakini waliotembea naye walikuwa wameshasali sala yao, msituni, bila kumngoja mkubwa yeyote.

Aongoze mwanafunzi mwenye sauti tulivu, anayeweza kusoma kilichoandikwa bila kuongeza. Asiwe mwenzake wa chumba.

Wenzetu Waislamu watakuja wengi. Tufanyeje?

Wapokeeni kama wafiwa, kwa kuwa ndivyo walivyo. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na katika misiba ya Wakristo wao ndio mara nyingi hufunga turubai na kuleta majamvi kabla kwaya haijafika. Wekeni viti vyao kati ya watu, wasitengwe pembeni. Mwongozaji aseme mwanzoni kwamba hakuna anayelazimika kusimama, kuimba wala kuitikia, na kwamba kuwepo kwao kunatosha. Kama rafiki wa karibu wa marehemu ni Mwislamu, apewe nafasi ya kusema kumbukumbu zake. Sheikh akialikwa kutoa neno, aambiwe siku mbili kabla, asishtukizwe.

Nchi yetu imeshaifanya kazi hii katika majonzi makubwa kuliko yetu. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya msingi ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Miili iliagwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, na viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu waliomba mbele ya umati mmoja. Hakuna aliyepungukiwa na imani yake siku ile.

Hapa tuseme wazi jambo moja: wito wa kuokoka usifanyike katika ibada hii. Mhubiri aambiwe kabla hajapanda madhabahuni. Mtu aliyekuja kumlilia rafiki yake hajaja kuhojiwa angekwenda wapi kama angekufa usiku huu. Injili itahubiriwa kwa jinsi mnavyowashika mkono.

Mhubiri aseme nini?

Tuanze na asivyopaswa kusema. Asiseme Mungu amempenda zaidi. Asiseme Mungu huchuma maua mazuri. Asiseme kazi ya Mungu haina makosa, hasa kama marehemu amegongwa na dereva wa bodaboda aliyelewa, maana hapo kazi ya mlevi itakuwa imepewa saini ya Mungu. Asitumie kifo hiki kuwatisha wanafunzi wasioingia ibadani.

Wengi hukimbilia Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Ni maneno matakatifu, lakini angalieni nani aliyeyasema. Aliyasema Ayubu mwenyewe, baba aliyefiwa. Rafiki zake hawakumsemea. Wao walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno. Walianza kukosea walipofungua kinywa kueleza sababu. Mama wa marehemu akiyasema maneno yale, ni imani ya kutetemesha. Mwenyekiti wa kikundi akimwambia mama huyo, ni kumfunga mdomo.

Mhubiri ana mengi ya kusema bila kueleza sababu. Yesu alifika kaburini kwa Lazaro akijua atamfufua, na bado Yohana 11:35 inasema, "Yesu akalia machozi." Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini, na kati ya hayo mawili kuna nafasi kubwa ya kulia. Warumi 12:15 inatuagiza tulie pamoja nao waliao. Ufufuo utangazwe kwa sauti, maana bila huo tusingekuwa na ibada ya kufanya, ila usitumike kunyamazisha watu. Dakika kumi na mbili zinamtosha.

Masomo gani yanafaa?

Zaburi 23 itaombwa na kila mtu, na isomwe. Lakini tunasihi msomeni pia mojawapo ya zaburi za kilio. Zaburi ya 130 inaanza, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika aya mbili, na mwanafunzi wa miaka ishirini na mmoja akisikia kwamba Biblia yenyewe inauliza hivyo, anapata ruhusa ambayo hotuba haiwezi kumpa. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja. Ni nzito, na kwa kifo cha ghafla ndiyo ya kweli kuliko zote, mradi ifuatiwe na Warumi 8:31–39.

Ibada ipangweje?

Ianze kwa ukimya, kisha jina lake kamili litajwe. Wimbo mmoja ambao wote wanaujua. Zaburi. Mmoja wa waliotoka mazishini asimulie kwa ufupi. Wasifu wa marehemu, usomwe na mwanafunzi, wenye mambo ya hapa chuoni: alikaa safu gani darasani, alipika nini siku ya zamu yake, alisaidia nani na hesabu. Tarehe za kuzaliwa na shule alizosoma zilishasomwa kijijini. Kisha kumbukumbu za marafiki wawili au watatu, somo, mahubiri, sala, na kuwasha mishumaa au kuweka maua mbele ya picha yake. Baraka, basi. Saa moja na nusu.

Hatua ya kuweka maua msiifupishe. Kila mtu apite taratibu, kwaya ikiimba kwa sauti ya chini. Hapo ndipo aliyebaki Bagamoyo anapata nafasi ya kuaga. Aliyekataa kupita asisukumwe.

Salamu za rambirambi ni nyingi mno. Tuzipunguzeje?

Mtu mmoja kwa uongozi wa chuo, mmoja kwa serikali ya wanafunzi, mmoja kwa vikundi vya dini. Nyingine ziandikwe kwenye daftari litakalopelekwa kwa familia. Daftari hilo mama yake atalisoma miaka.

Ngoma zinaruhusiwa?

Katika mji wenye TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, swali hili lilikuwa lazima. Kama marehemu alikuwa mpiga ngoma au mchezaji, ingekuwa ajabu kumkumbuka kwa kinanda peke yake. Ngoma na kayamba zimo katika nyimbo za makanisa yetu siku nyingi. Zipigwe polepole, wapigaji wakubaliane na kiongozi wa kwaya, na midundo ya sherehe kama mdundiko iachwe. Mapambio ya kurukaruka yaahirishwe kwa siku nyingine. Vikundi visishindane kuimba, wala mwimbaji asipewe hela kichwani.

Mtu akianza kupiga kelele au kuanguka?

Itatokea, jiandaeni. Muuguzi wa chuo awepo, maji yawepo, na chumba cha karibu kifunguliwe chenye mkeka na feni. Watu wawili watulivu wamchukue, wamlegezee nguo, wakae naye, mmoja awe wa jinsia yake. Akichelewa kuzinduka apelekwe hospitali ya wilaya bila kujadiliana.

Asizungukwe na watu wanaokemea pepo. Tunajua wanaofanya hivyo hufanya kwa upendo. Lakini binti aliyezidiwa na huzuni, akizinduka na kukuta watu kumi wakimpigia kelele kwamba ana mapepo, atabeba aibu juu ya msiba. Maombi ya kimya yanasikiwa vilevile.

Mwenzetu alijitoa uhai. Tunaweza kumfanyia ibada?

Ndiyo. Hili huulizwa kwa kunong'ona, nasi tunalijibu kwa sauti.

Zamani lilikuwa na jibu kali. Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 ziliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa kukusudia. Kanuni za mwaka 1983 hazina tena katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba maumivu makubwa ya akili hupunguza uwajibikaji wa mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Kanisa humwombea. Katika makanisa mengine msimamo unategemea sana mchungaji. Akikataa, msibishane naye siku ya msiba. Mwombeni mwingine.

Ibada yenyewe iwe na uangalifu wa pekee. Familia iulizwe kwanza kama inakubali sababu itajwe, na ikikataa, isitajwe. Namna alivyokufa isisimuliwe kamwe, wala barua yake isisomwe. Msiseme amepumzika na matatizo yake, kwa sababu yumo ukumbini mwanafunzi mwenye matatizo kama yaleyale anayesikiliza kwa makini. Semeni badala yake kwamba aliumwa, kwamba tulimpenda, na kwamba mwenye mawazo ya namna hiyo leo asilale peke yake. Mshauri wa Wanafunzi na muuguzi wasimame, waonekane kwa sura, na wakae hapo baada ya ibada hadi mtu wa mwisho aondoke. Kwa wiki zinazofuata, wenzake wa chumba watembeleeni kila jioni.

Rambirambi zikusanywe wakati wa ibada?

Hapana. Ubani ukusanywe kabla, kwa daftari, na jumla itangazwe bila majina wala viwango vya watoaji. Mwanafunzi ambaye mkopo wake haujaingia asione haya kuja.

Picha na kurusha mubashara?

Mpiga picha mmoja, anayejulikana, kwa ajili ya familia. Mubashara ifanyike kama familia iliyo mbali imeomba. Nyuso za wanaolia zisiwekwe mitandaoni, na picha za mwili au za ajali zifutwe kwenye simu. Viongozi waliseme hili mapema, siku ileile habari inapofika.

Nina hasira na Mungu na siwezi kuomba. Nije?

Njoo. Kaa popote. Usiimbe kama wimbo unakukwama. Aliyeandika Zaburi ya 88 alikuwa na hasira kama yako, na maneno yake yamo ndani ya Biblia, yanasomwa kanisani. Wengine watakuombea wakati wewe huwezi, na siku nyingine utawaombea wao. Usipokuja pia, hakuna atakayekuhesabia. Mwambie mtu mmoja tu uko wapi.

Baada ya hapo?

Arobaini hushikwa huku pwani na watu wa dini zote, na si vibaya kikundi chake kikakutana siku hiyo kwa sala fupi na chai. Wakatoliki wanaweza kulitaja jina lake pia tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote. Pigieni familia simu siku yake ya kuzaliwa. Siku ya mahafali ya darasa lake jina lisomwe, baada ya kuwauliza wazazi.

Wazazi watakuja kuchukua vitu vyake. Nani ashughulike?

Mlezi wa hosteli pamoja na marafiki wawili wa marehemu. Kitanda kisipewe mtu mwingine kabla wazazi hawajafika, hata kama kuna foleni ya wanaotaka nafasi. Vitu visifungwe kabla, maana baba na mama wengi wanataka kuona mtoto wao alivyokuwa akiishi. Nguo zisifuliwe. Simu na kompyuta zikabidhiwe zikiwa zimezimwa, bila mtu kuzifungua. Orodha iandikwe nakala mbili, isainiwe na ndugu na mlezi. Vitabu alivyoazima maktaba virudishwe na chuo chenyewe, na kama kuna deni dogo la faini lifutwe kimyakimya. Daftari la rambirambi likabidhiwe siku hiyo, pamoja na chakula cha mchana kabla hawajaanza safari.